Watoto wa Safu ya Kulia

Okware ndiye aliyetaka safu mbili. Angeridhika na ukurasa wa kawaida, mstari ukianzia kushoto na kuishia kulia kama watu wote wanavyoandika, pengine haya yasingetokea. Lakini Okware ni mtu wa kutazama ya wenzake. Ukoo wa jirani ulikuwa umemaliza matanga ya mzee wao kwa kitabu kilichopangwa safu mbili, mfano wa gazeti, na tangu aone kitabu kile roho yake haikutulia.

Alikuwa mdogo wa marehemu Hudson na katibu wa ukoo wao huko Tororo. Zamani aliwahi kuwa askari magereza. Nyumbani kwao watu huzungumza Kidhopadhola, lakini Okware akitaka kuamrisha huhamia Kiswahili, utadhani amri haiingii sikioni kwa lugha ya mama. Siku hiyo alifunga safari mpaka Busia, akaingia dukani kwa shemeji yake Akello bila kubisha, akaketi juu ya boksi la karatasi.

"Akello, sikiliza mimi," alisema. "Kitabu ya lumbe ya Hudson lazima iko na safu mbili. Na ndani yake nataka jedwali. Nyumba ya kwanza, mama nani, watoto nani. Nyumba ya pili, mama nani, watoto nani. Mimi nasoma, watu wanasikia, maneno inaisha."

"Sawa, shemeji," Akello akasema. Angesema nini? Yeye ndiye mjane, na yeye ndiye mpiga chapa. Mtu wa namna hiyo hupewa kazi ya kuchapa huzuni yake mwenyewe, tena kwa haraka, kwa sababu ni mtu wa nyumbani.

Lumbe ni kumaliza matanga. Maiti amekwisha zikwa kitambo, machozi ya kwanza yamekauka, na ukoo hukutana kumtaja mrithi, kuwafungua wajane na kuwapanga watoto. Kwa kina Hudson ipo desturi yao: katibu husoma majina nyumba kwa nyumba, na watoto wakisikia majina yao huinuka mkekani, wakaenda kusimama nyuma ya mama yao mbele ya watu wote. Aliposimama mtoto ndipo anapohesabiwa, na aliye bado mdogo huondoka na mama huyo. Ukishasomwa, umesomwa. Nyumba isiyo na mtoto hupewa kiti cha kukalia na shukrani za ukoo, na shukrani hazipikwi zikaliwa.

Akello alikuwa mke wa kwanza, na hakuzaa. Alikwenda hospitali, akaenda kanisani, akaenda na kwingine ambako hakupenda kukutaja, mwisho Hudson akaoa Nerima, msichana wa Kisamia kutoka Masaba. Nerima akazaa Athieno, akazaa Sam, akazaa Aboth. Aboth alikuwa bado anatambaa mama yake alipovuka mpaka kwenda kununua vitambaa upande wa Kenya. Vitambaa vikamfikisha Bungoma, Bungoma ikamfikisha Kisumu, na Kisumu akakaa. Hudson alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu wa kulala njiani. Basi watoto walibaki kwa Akello. Hakuna kikao kilichokaa, wala hakuna mtu aliyemwomba. Aboth alilia, yeye akamwinua, na hakumweka chini tena.

Aliwalea kwenye vyumba vya nyuma ya duka, Busia, katikati ya harufu ya wino na karatasi mpya. Sam aliumwa surua, akakesha naye. Athieno alivunja ungo, na ni Akello aliyemfundisha mambo ya kike, akimwonea haya kama vile alimtoa tumboni mwake. Mtaa mzima ukamwita Mama Athieno. Kibao cha duka lake kikaandikwa MAMA ATHIENO kwa herufi nyekundu, na hata maofisa wa forodha walipotaka fomu zao zichapwe walisema, twende kwa Mama Athieno. Watu wana msemo wao, kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wanausema wakati mtoto anaumwa na mlezi yuko macho. Siku ya kuwagawa watoto wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na midomo ni ileile.

Nerima alirudi kwenye mazishi. Mgala muue na haki umpe: alilia vizuri, alianguka pale pa kuanguka, akainuliwa, akaanguka tena. Lumbe ilipokaribia akaja dukani amevaa vizuri, ananukia, akaketi kwenye kiti cha wateja akikiangalia kila kitu.

"Dada, Mungu akubariki sana," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisumu. "Umenichungia watoto vizuri. Wamekuwa wakubwa, jamani!"

Umenichungia! Neno hilo Akello alilimeza pamoja na mate yake. Mbuzi ndio wanaochungwa. Lakini akamtilia chai, kwa maana mgeni ni mgeni.

"Aboth nitaenda naye," Nerima akaendelea, akipuliza kikombe. "Kule shule ziko poa. Athieno yuko chuo, Sam ataamua mwenyewe. Lakini huyu mdogo, si vizuri akae mbali na mamake."

"Mimi sina neno," Akello akasema. "Ukoo ndio unasema."

"Lakini ukoo utasema nini tena, dada? Si damu ni damu?"

Hapo mtu akaita kutoka barabarani, "Mama Athieno! Uko?" na wanawake wote wawili wakaitika kwa pamoja. Alikuwa mteja tu aliyetaka kunakilisha kitambulisho. Akello akainuka akaenda kwenye mashine, na Nerima akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na wasiwasi.

Baada ya hapo Akello akaanza kazi ya kitabu. Maisha ya Hudson hayakumsumbua: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliendesha magari gani, aliupenda sana ugali wa wimbi na samaki wa kukausha. Maneno hayo yaliteremka kwenye safu ya kushoto bila taabu. Picha ya Hudson ndiyo iliyomla muda, kwa kuwa ilikuwa imepigwa juani na nusu ya uso ilikuwa giza. Aliisafisha mpaka macho ya mume wake yakaonekana yanamtazama. Kisha likaja jedwali.

Kila mwenye kazi hiyo anajua kwamba jedwali na safu nyembamba ni paka na panya. Jedwali linataka upana, safu haina upana wa kutoa. Akello alilianzisha palepale maneno ya maisha ya Hudson yalipoishia, chini ya safu ya kushoto, akitegemea lililobaki litamwagikia safu ya kulia. Juu kabisa aliweka mstari wa vichwa: jina, mwaka wa kuzaliwa, anafanya nini. Chini yake akaandika Nyumba ya Kwanza, Mama: Akello. Alipofika kwenye nafasi ya watoto wake mkono haukutaka. Aliuacha bila kuandika kitu, akaenda moja kwa moja kwenye Nyumba ya Pili, Mama: Nerima, akawaandika Athieno, Sam na Aboth. Machozi yalimtoka akiandika jina la Aboth, akayafuta kwa kiganja, kiganja hichohicho kikarudi kwenye kibodi.

Sasa, programu ile ya kupanga kurasa ina wema wake. Ukiiambia kwamba mstari fulani ni kichwa, basi jedwali likikatika chini ya safu moja na kuendelea safu ya pili, yenyewe hukirudia kichwa pale juu ili msomaji asipotee. Akello alikuwa na haraka na macho yake yalikuwa na maji. Badala ya kuutia alama mstari mmoja, alitia miwili. Akatoa nakala ya kwanza ya kusahihisha, akaiacha kwenye mdomo wa printa bila kuisoma, kwa sababu bwana harusi mmoja alikuwa amesimama mlangoni akidai kadi zake.

Athieno akaingia saa hiyo. Alikuwa ametoka chuoni Busitema kuchukua nguo za lumbe. Alimsalimu mama yake, akazungukia nyuma ya printa, akaichukua ile karatasi. Akello alikuwa amempa mgongo, anakata kadi za harusi kwa kisu na rula.

Karatasi ikageuzwa, ikageuzwa tena.

"Mama," Athieno akasema. "Hii wewe mwenyewe ndiye umepanga?"

"Nani mwingine? Nimeteseka nayo tangu asubuhi."

"Umepanga hivi kwa kutaka?"

"Sasa mtu anapanga bila kutaka?" Akello alidhani ni ile picha. Alijua ameisafisha vizuri. "Unaona haiko sawa?"

"Iko sawa," Athieno akasema haraka. "Na ndio inakwenda hivi? Mzee Okware atasoma hii?"

"Inakwenda hivyohivyo."

Yule msichana alikuja mbele ya meza, akapiga magoti kumuaga, jambo ambalo hakulifanya tena tangu aanze chuo na kuanza kuwaona watu wa magoti kuwa washamba. Alikishika kiganja cha Akello, chenye gundi na vumbi la karatasi, akakiweka shavuni mwake. Akello akamwambia asimchafue shavu, bwana harusi akacheka, na Athieno akaondoka. Akello akajiambia kwamba mtoto amemkumbuka baba yake. Mtu akishazoea kutopewa, hata siku akipewa hajui kupokea.

Mchana alipotulia akatafuta ile nakala, hakuiona. Athieno ameichukua, akasema moyoni, kwa ajili ya picha ya Hudson. Akatoa nyingine, akaketi kuisoma.

Akasoma safu ya kushoto mpaka chini. Nyumba ya Kwanza, Mama: Akello. Wazi. Nyumba ya Pili, Mama: Nerima. Safu ikaishia hapo, Nerima peke yake, hana mtu chini yake. Akapandisha macho juu ya safu ya kulia. Mashine ilikuwa imerudia vichwa vyake kwa utiifu wote: jina, mwaka wa kuzaliwa, anafanya nini. Nyumba ya Kwanza, Mama: Akello. Na chini ya jina lake, mmoja baada ya mwingine, bila doa, bila maelezo: Athieno. Sam. Aboth.

Aliinuka akafunga mlango wa duka, akarudi akaketi. Alisoma tena. Aliwahi kuliona jina lake limeandikwa sehemu nyingi, kwenye risiti, kwenye kadi ya hospitali, kwenye cheti cha ndoa, lakini hakuwahi kuliona likiwa na watoto chini yake. Aliweka kidole juu ya neno Aboth, akapandisha kidole polepole mpaka kwenye jina lake, njia ikawa nyoofu kabisa.

Usimwone malaika. Alifikiri. Okware husoma kilichoandikwa, hata kama kimeandikwa kwamba kesho ni jana. Angesimama mbele ya watu na sauti yake ya magereza akasoma, nyumba ya kwanza, Akello, Athieno, Sam, Aboth, na watoto wangeinuka. Nani angebisha? Nerima angebisha. Lakini kitabu kingekuwa mikononi mwa watu wote, na watu wa kwao wakishika kitu kilichochapwa hudhani kimetoka mbinguni. Ilikuwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza hakuna mkono ulioiba.

Halafu akaanza kuzisikia sauti. Tasa ameiba watoto kwa kompyuta. Angalieni, kwa sababu yeye ndiye mwenye mashine! Alizijua sauti hizo tangu usichana wake wa ndoa, alijua zinatoka midomo gani na zinavyoteremka kutoka kisimani hadi sokoni. Na tena, hapa ndipo penye kidonda, hakuwataka watoto wa kupewa na makosa. Aliwataka waje wenyewe. Aliona kama kwa macho: katibu anasoma jina la Nerima kama ilivyo kweli, halafu Athieno anainuka mkekani, anamshika Aboth mkono, anampita Nerima, na mbele ya ukoo mzima anakuja kusimama nyuma ya kiti cha mwanamke aliyemlea. Hakuna jedwali lingeweza kulinganishwa na hilo. Kwa ajili ya kuliona hilo alikuwa tayari kuandika chochote.

Basi akarekebisha, na ile nakala aliyoondoka nayo Athieno hata haikumjia akilini. Alilikata jedwali kutoka kwenye safu, akalitandaza juu ya ukurasa liziunganishe safu zote mbili, upana mzima, lisikatike popote wala kichwa kisijirudie. Si kazi rahisi. Ukilipandisha jedwali juu, maneno ya chini yanakimbia, picha inahama, mstari mmoja unabaki yatima ukurasa wa pili. Alilibembeleza mpaka jioni. Lilipotulia lilikuwa jedwali zuri kuliko yote aliyowahi kupanga, mistari yake imelala sawasawa, na mtoto yeyote anayejua kusoma angeona nani ni wa nani. Mwisho akarudi kwenye ile nafasi aliyoiacha wazi chini ya jina lake. Katika kazi nzuri nafasi haiachwi wazi, msomaji hudhani umesahau. Akaweka kistari.

Siku ya lumbe watu walijaa kwa Hudson nje ya mji wa Tororo. Turubai zilifungwa, katekista akaomba, wazee wakaizunguka pombe ya wimbi na mirija yao. Vitabu viligawanywa. Okware alikipindua chake huku na huku, akakigonga kwa ukucha.

"Hii ndio kitabu!" akasema. "Safu mbili! Na jedwali imelala kama barabara ya lami. Shemeji, umeweza."

Akello aliketi kwenye kiti cha mke wa kwanza. Hatua chache kando yake aliketi Nerima, kitambaa chake tayari mkononi. Watoto watatu walikuwa mkekani katikati, Athieno na kitabu bado kimefungwa mapajani mwake. Alimtazama Akello akatabasamu, na Aboth naye akatabasamu, tabasamu la watu wenye jambo lao. Akello akajiweka sawa kitini. Wamekwisha amua, akasema moyoni. Wanakuja.

Okware akasimama, akakohoa kikohozi cha gwaride.

"Nyumba ya kwanza. Mama, Akello. Watoto." Akakisogeza kitabu karibu na macho. "Hakuna."

Wanawake wawili watatu wakaguna kwa huruma, ile huruma inayomfurahisha anayeitoa. Mkekani Athieno aliinua kichwa. Alifungua kitabu chake, akatafuta ukurasa. Akaangalia. Akageuza ukurasa wa mbele na wa nyuma, upesi upesi, kama mtu aliyeweka kitu mahali na sasa hakioni, kisha akarudi kwenye jedwali, akalisoma kwa kidole.

"Nyumba ya pili. Mama, Nerima. Watoto, Athieno, Sam, Aboth. Simameni."

Athieno hakusimama mara moja. Alimtazama Akello. Akello naye akamtazama kwa macho yote aliyokuwa nayo, akisema bila sauti: njoo. Lakini Athieno hakuwa anaangalia macho. Alikuwa anaangalia mikono ya Akello iliyotulia mapajani, mikono iliyopanga kila kitu kilichomo kitabuni. Sam akauliza kitu kwa sauti ya chini, Athieno akatikisa kichwa. Akamshika Aboth mkono, akamwinua. Aboth akaelekea upande wa Akello, kwa mazoea tu, hatua moja, na dada yake akamrudisha. Wakaenda wakasimama nyuma ya Nerima. Ukoo ukapiga vigelegele, na Nerima akalia vizuri tena.

Akello alipewa kiti chake na shukrani. Okware alizitoa kwa Kiswahili.

Baadaye, watu wakila, Akello alijificha jikoni akijifanya anaosha sufuria ambayo ilikuwa imeoshwa. Alikuwa na hasira, tena na hasira kubwa: juu ya Nerima, juu ya Okware na safu zake za gazeti, lakini zaidi juu ya watoto wale. Usiku wote ule wa surua. Miaka yote ile. Na hawakuweza kuvuka uwanja mdogo kama huo! Athieno akaingia akasimama mlangoni. Hakuwa amelia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, nakuuliza kitu moja tu, halafu nakwenda."

"Uliza."

Akatoa kifuani karatasi iliyokunjwa, ikakunjuliwa, ikakunjwa tena mpaka mikunjo ikaanza kupasuka. Akaitandaza juu ya meza ya jikoni. Ilikuwa ile nakala ya kwanza. Akello akaiona safu ya kulia, akaliona jina lake juu, na wale watatu chini yake.

"Hapa ulituweka kwako," Athieno akasema. "Mimi nikauliza, umepanga mwenyewe? Ukasema eeh. Nikauliza, umetaka? Ukasema mtu anapanga bila kutaka? Nikaonyesha Sam. Nikaonyesha Aboth. Huyu Aboth alilala nayo hii karatasi, Mama, chini ya mto. Sisi tukasema, kama Mama ametuweka kwake mbele ya ukoo, hata watu waseme nini, sisi tunasimama na yeye. Tulikuwa tunangoja tu kuona wewe unatuweka wapi." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Leo nafungua kitabu, naona umetutoa. Umechora na kistari. Nani alikuambia ututoe? Nerima alikuja dukani, alikuambia nini?"

Maneno yote yalimjia Akello kwa pamoja. Kwamba alitaka waje wenyewe. Kwamba kistari kile kilimchoma yeye kabla hakijamchoma mtu. Kwamba alikuwa amekaa pale kwenye kiti akiwangoja, kama wao walivyokuwa mkekani wakimngoja yeye. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na mtu akishikwa ghafla husema kwa lugha ya kazi yake.

"Athieno," akasema, "ile ilikuwa makosa."

"Makosa gani?"

"Ya kichwa. Jedwali likikatika, mashine inarudia kichwa. Nilitia alama mistari miwili, ikarudia jina langu hapo juu. Si mimi niliyewaweka. Ni mashine."

Alipoisikia sauti yake ikisema hivyo alitaka kuikamata irudi. Athieno akaikunja ile karatasi kwa mikunjo yake ileile.

"Kumbe ni mashine tu ndio ilitutaka," akasema.

"Mwanangu, sikiliza..."

"Nimesikia, Mama. Ilikuwa makosa, umesharekebisha."

Hakumpigia magoti. Aliiweka karatasi kwenye ukingo wa meza, karibu na moto, akatoka. Akello akabaki amesimama na sufuria yake mkononi, akimwona kupitia mlangoni anavyovuka uwanja kwenda kule gari la Nerima lilipoegeshwa. Sam alikuwa amesimama kando, mikono mifukoni. Begi la Aboth, lile la maua alilomnunulia mwenyewe Busia, lilikuwa limekwisha pakiwa, na Aboth alikuwa ndani, uso kwenye kioo, akitafuta kitu kwa macho upande wa jikoni.

Mtu mmoja akaita kutoka kwenye gari, "Mama Athieno! Twende, mpaka una foleni!"

"Naam," Akello akaitika.

Hakuna aliyemsikia. Nerima alikuwa amekwisha itika, naye alikuwa anapanda gari.